Kutoka Ruzuku hadi Kazi: Misaada ya Umma na Huduma za Ajira kwa Kaya Zenye Kipato cha Chini

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usemi huu umezoeleka vinywani mwa watu wanaotaka kumkumbusha mgeni kwamba muda wa kula bila kufanya kazi umekwisha. Lakini tukiusikiliza vizuri, unamkumbusha mwenyeji kwanza. Kwa siku mbili anapaswa kumlisha mgeni bila kumhoji, na siku ya tatu anapaswa kumpa jembe, wala si kumfukuza. Jembe hilo hutoka kwa mwenyeji.

Katika makala hii tunaeleza namna nchi yetu ya Tanzania inavyozisaidia kaya zenye kipato cha chini, huduma zilizopo za kuwaunganisha watu na kazi, mahali ambapo msaada hukwama kabla ya kumfikia mlengwa, na mambo yanayoweza kurekebishwa. Tunawaandikia waamini wote, hasa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, wajumbe wa Caritas parokiani, wazazi, na vijana wanaotafuta kazi. Hoja yetu kuu ni moja: ruzuku na kazi ni safari moja, na kaya nyingi hupotea pale njia ya kwanza inapoishia ilhali ya pili haijaanza.

Maana ya maneno

Hifadhi ya jamii ina matawi mawili. La kwanza ni lile la kuchangia: mfanyakazi na mwajiri wake huweka fedha katika mfuko, na mfanyakazi hulipwa anapostaafu, anapojifungua, anapougua au anapopata ulemavu. Nchini kwetu mifuko hiyo ni NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma. Tangu mageuzi ya mwaka 2018, sheria inatambua pia fao la kukosa ajira, ambalo humpa mwanachama aliyeachishwa kazi sehemu ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Fao hilo ni jema, lakini haliwagusi wakulima wadogo, wavuvi, mama lishe, vibarua na wachuuzi, yaani watu walio wengi.

Tawi la pili ni lile lisilo la kuchangia, na hili ndilo tunaloliita hapa misaada ya umma. Serikali huitoa kwa fedha za walipa kodi, mikopo na wahisani, na humlenga mtu kwa sababu ya hali yake bila kuuliza amechangia nini. Ndani yake zimo ruzuku kwa kaya maskini, elimu bila ada, msamaha wa gharama za matibabu kwa wasiojiweza, na pensheni kwa wazee mahali inapotolewa. Ndugu zetu wa Zanzibar, kwa mfano, walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa hadi 50,000.

Huduma za ajira ni shughuli zote zinazomsaidia mtu kuifikia kazi: kusajili watafuta kazi, kuwaunganisha na waajiri, kuwashauri, kuwapatia ujuzi, kuutambua ujuzi walio nao tayari, na kuwakopesha mtaji wanaotaka kujiajiri.

Neno la mwisho ni kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Bibi anayelea wajukuu watatu ni kaya. Ndugu wawili waliobaki yatima katika nyumba ya marehemu baba yao ni kaya. Tofauti kati ya kaya na ukoo ina uzito, kwa sababu mara nyingi mtu hunyimwa msaada kwa hoja kwamba anao ndugu mjini, ingawa ndugu huyo hajaonekana kwa miaka mingi.

Kanisa linafundisha nini

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayakuanza jana kulizungumzia suala hili. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kupata ujira unaotosha kumtunza, na akafundisha kwamba Serikali ina wajibu wa pekee wa kuwalinda walio dhaifu. Mwaka 1931, Papa Pio XI, katika Quadragesimo Anno, alieleza kanuni auni: jambo linaloweza kufanywa na familia au jumuiya ndogo lisinyang'anywe na mamlaka ya juu, na mamlaka ya juu isikwepe kusaidia pale walio chini wanapozidiwa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mwanadamu, na si mwanadamu kwa ajili ya kazi. Miaka kumi baadaye, katika Centesimus Annus, aliionya Serikali inayofanya kila kitu yenyewe kwamba inaweza kuzaa urasimu mkubwa na kuufifisha moyo wa watu wa kujitegemea.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliyaunganisha mafundisho haya kwa maneno ya wazi. Kumsaidia maskini kwa fedha ni jambo la lazima wakati wa dharura, lakini lengo kubwa zaidi libaki kumwezesha aishi maisha yenye hadhi kwa kazi yake. Msimamo huu unawakosoa watu wa pande mbili. Unamkosoa anayesema kwamba maskini wapewe fedha na mambo yaishie hapo. Unamkosoa pia anayesema kwamba wasipewe chochote, wafanye kazi, ilhali yeye mwenyewe hana kazi ya kuwapa.

Ruzuku: Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini

Chombo kikuu cha Serikali katika jambo hili ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana kwa ufupisho wa TASAF. Ulianzishwa mwaka 2000, na katika awamu zake mbili za kwanza ulijishughulisha hasa na miradi ya jamii kama vile madarasa, zahanati, visima na barabara za vijijini. Awamu ya tatu ilibadilisha mwelekeo. Mwezi Agosti 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao huipelekea kaya yenyewe fedha mkononi. Mpango huo ulizifikia kaya zaidi ya milioni 1.1, lakini takriban asilimia 30 ya vijiji, mitaa na shehia vilibaki nje. Kipindi cha pili kilizinduliwa mwezi Februari 2020 kwa nia ya kuvifikia na hivyo vilivyobaki.

Ukubwa wa hitaji unaonekana katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18. Kwa mujibu wa utafiti huo, asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 hawakumudu hata chakula cha kutosha. Kwa hiyo, katika Jumuiya yenye familia ishirini, tusishangae tukikuta kwamba tano kati yake zinahangaika, hata kama hazisemi.

Namna kaya inavyochaguliwa ni jambo ambalo kila mwamini anapaswa kulijua. Kwanza, wananchi hukutana katika mkutano wa hadhara wa kijiji, mtaa au shehia, hukubaliana vigezo vya umaskini wa mahali pao, na kutaja kaya zinazostahili. Pili, kaya zilizotajwa hujaziwa dodoso linalouliza juu ya makazi, mali, elimu na idadi ya wategemezi, na majibu hayo hupimwa kwa mfumo wa kompyuta. Tatu, orodha hurudishwa mbele ya wananchi ili waithibitishe. Hatua ya kwanza na ya tatu ziko mikononi mwa jamii yenyewe. Asiyehudhuria mikutano hiyo ameacha wengine waamue nani ni maskini.

Kaya iliyoandikishwa hupata aina kadhaa za msaada. Iko ruzuku ya msingi, na iko ruzuku yenye masharti: watoto wahudhurie shule walau asilimia 80 ya siku za masomo, na wadogo wapelekwe kliniki. Malipo hupangwa kufanyika kila baada ya miezi miwili. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haikukusudiwa kuitosheleza kaya. Ilikusudiwa kuizuia isiuze kuku wa mwisho au kumwondoa mtoto shuleni pale njaa inapopiga hodi.

Ziko pia ajira za muda. Mtu mwenye nguvu kutoka katika kaya iliyoandikishwa hufanya kazi za jamii, kama vile kufungua barabara, kuchimba malambo, kupanda miti au kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, hasa katika miezi ya upungufu wa chakula. Ujira ulianza kwa shilingi 2,300 kwa siku, na katika kipindi cha pili ukapandishwa hadi 3,000. Hatimaye viko vikundi vya kuweka akiba, pamoja na mafunzo na ruzuku ya uzalishaji kwa kaya zinazotaka kuanzisha mradi mdogo.

Huduma za ajira zilizopo

Upande wa kazi nao una milango yake, ingawa haijulikani sana na waamini wetu. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, yaani TaESA, ulianzishwa mwaka 2008. Kazi yake ni kuwasajili watafuta kazi, kuwashauri na kuwaunganisha na waajiri. Nafasi za utumishi wa umma husimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi yake hutumwa kwa njia ya intaneti. Huduma zote mbili ni za lazima, lakini humfaa zaidi mtu aliye mjini, mwenye vyeti, simu ya kisasa na fedha ya kununua bando. Binti aliyemaliza kidato cha nne kijijini huzisikia kwa mbali.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, pamoja na kufundisha vyuoni, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi uashi aliyejifunza kwa mjomba wake, fundi cherehani aliyejifunza barazani, au fundi magari wa gereji ya uchochoroni anaweza kupimwa, kuzibiwa mapengo ya ujuzi wake, na kupewa cheti. Mlango huu una thamani kubwa kwa maskini, kwa sababu haumlazimu kuanza upya. Humhesabia kile alichokwisha kukijua.

Upo pia mkopo wa asilimia 10. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili kurekebisha utaratibu wake, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa tena. Kikundi kinachoomba mkopo hutakiwa kuwa na katiba, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Hapo ndipo maskini kabisa hubaki nyuma, kwa kuwa wenzake wanaogopa kuungana na mtu ambaye huenda akashindwa kurejesha.

Msaada hukwama wapi

Katika parokia moja tuliyowahi kuhudumu alikuwapo bibi mjane aliyelea wajukuu watatu. Kaya yake ilikuwa katika mpango. Wakati wa uhakiki, yeye alikuwa katika hospitali ya mkoa akimuuguza mjukuu wa kati. Aliporudi, jina lake halikuwamo tena katika orodha. Aliambiwa asubiri zamu nyingine. Alisubiri. Mjukuu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, alianza kwenda kuosha vyombo kwa mama lishe siku za gulio, kisha na siku nyingine, hadi akaacha shule. Jina la bibi lilirudishwa baada ya mwaka na zaidi. Mtoto hakurudi darasani.

Tunakiri kosa letu katika habari hii. Kila Jumapili bibi yule alikaa benchi la tatu, nasi tulimsalimu baada ya Misa. Tulijua kwamba ana shida, na mara mbili tulimpa unga. Hatukujua kwamba upo utaratibu wa malalamiko ambao ungeweza kulirudisha jina lake mapema, kwa hiyo hatukumwambia. Tulimlisha siku mbili, na siku ya tatu hatukuwa na neno. Tangu hapo tumejifunza kuyaona maeneo matano ambapo msaada hukwama.

La kwanza ni orodha isiyo hai. Umaskini hausubiri kalenda ya uhakiki. Mume hufa leo, mafuriko hubeba shamba kesho, lakini jina huandikwa baada ya miaka. Vivyo hivyo, kaya iliyokwisha kuinuka hubaki katika orodha na kuziba nafasi ya mwingine.

La pili ni nyaraka. Mtu asiye na kitambulisho cha Taifa hushindwa kusajili laini ya simu kwa jina lake, na asiye na laini hushindwa kupokea malipo kwa simu. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa husumbuka baadaye anapoomba mkopo wa elimu ya juu. Wazee waliolima maisha yao yote wana vidole vilivyosuguka, na mashine huzikataa alama zao.

La tatu ni malipo yenyewe. Yanapochelewa, kaya hukopa kwa riba dukani, na ruzuku ikifika huwa imekwisha kuliwa. Malipo kwa njia ya simu yamepunguza foleni na wizi wa njiani, lakini yameleta hatari mpya. Bibi asiyejua kusoma humpa kijana wa jirani namba yake ya siri, na hana namna ya kujua ni kiasi gani kimeingia.

La nne ni kukosa taarifa na kuona haya. Wapo wanaodhani kwamba ruzuku ni fadhila ya kiongozi, hivyo wakikatwa hunyamaza ili wasimuudhi. Wapo pia wanaoona aibu kutajwa mkutanoni kuwa ni maskini.

La tano, nalo ndilo zito kuliko yote, ni ukosefu wa daraja kati ya ruzuku na kazi. Kaya iliyoboreka huambiwa kwamba imehitimu, na ruzuku hukoma. Tumewahi kusikia mtu akipeleka mbuzi wake kwa jirani siku ya uhakiki ili aonekane bado hana kitu. Ni uongo, na uongo ni dhambi. Lakini tujiulize ni nini kilichomfundisha. Aliona kwamba mbuzi wawili wangemwondolea msaada wote kwa mara moja, na kwamba mbele yake hapakuwa na mkopo, mafunzo wala kibarua cha kupokea nafasi ya ruzuku.

Mambo ya kurekebisha

Orodha ifunguliwe mara kwa mara. Wakati wowote wa mwaka, kijiji kiweze kupendekeza kaya iliyopatwa na msiba, ugonjwa mzito au maafa, bila kungojea awamu mpya. Mtu asiyekuwapo siku ya uhakiki asihesabiwe kuwa amejiondoa. Atafutwe, na majirani waulizwe.

Huduma za nyaraka ziwafuate watu. Mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia mkoani Mbeya mwaka 2013, umeonyesha kwamba inawezekana. Vyeti vya kuzaliwa vilianza kutolewa katika ofisi za kata na vituo vya afya badala ya makao makuu ya wilaya pekee. Njia hiyohiyo itumike kwa vitambulisho vya wazee na wagonjwa.

Malalamiko yajibiwe kwa maandishi na kwa muda unaojulikana. Kaya inayoondolewa ielezwe sababu na ionyeshwe mahali pa kukata rufaa kabla malipo hayajakoma. Mtu anayejua kwa nini ameondolewa anaweza kujitetea, na anayeambiwa tu asubiri hana la kufanya.

Ofisi ya kata iwe dirisha moja. Afisa maendeleo ya jamii, afisa ustawi wa jamii na mratibu wa mpango katika halmashauri wanahudumia watu walewale, lakini mara nyingi kila mmoja ana daftari lake. Ikiwa kaya iliyo katika mpango ina kijana wa miaka 20 asiye na kazi, jina lake lingepaswa kufika moja kwa moja kwenye mafunzo ya ufundi, kwenye kikundi cha mkopo na kwa wakala wa ajira, pasipo yeye kuanza kuhangaika mlango kwa mlango.

Kuhitimu kuwe kwa ngazi. Ruzuku ipungue kidogo kidogo kadiri kipato kinavyoimarika, na kaya ibaki chini ya uangalizi kwa kipindi fulani, ili msimu mmoja wa ukame usiirudishe chini kabisa. Hapo hakuna atakayeficha mbuzi.

Hatimaye, kazi yenyewe iwe na hadhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Bado mabinti wengi huchukuliwa vijijini na madalali kwenda kufanya kazi za ndani mijini, na wengine hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, wakiwa hawajui mshahara wala jina kamili la mwajiri. Kazi ya namna hiyo haimtoi mtu katika umaskini, bali humhamishia umaskini wake mahali asipokuwa na ndugu.

Wajibu wa parokia

Parokia si ofisi ya Serikali, wala haipaswi kuwa. Kwa kanuni auni, kazi yake ni kuwa karibu na watu, kujua yanayowapata, na kuwasindikiza. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na mtu mmoja anayeijua mipango hii: tarehe za mikutano ya kijiji au mtaa, fomu za malalamiko, ratiba ya usajili wa vitambulisho. Matangazo hayo yana nafasi yake ubaoni pa kanisa, karibu na ratiba ya Misa.

Pili, Caritas ya parokia imsindikize mhitaji badala ya kumwelekeza tu. Mzee anayeingia ofisini akiwa na mtu wa kumsemea husikilizwa tofauti. Huduma hii itolewe kwa kila jirani, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au asiye na dini, kwa sababu njaa haiulizi cheti cha ubatizo. Nayo ifanyike kwa faragha. Kumwita maskini mbele ya altare apokee kilo mbili za mchele huku akipigwa picha hakumheshimu.

Tatu, Siku ya Maskini Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2017 katika Jumapili ya 33 ya Mwaka, isiishie kwenye chakula cha pamoja. Baada ya Misa waalikwe afisa maendeleo ya jamii wa kata na watu wanaoujua utaratibu wa VETA na mikopo, wakae chini ya mwembe, na watu waulize maswali yao.

Nne, tuanze na nyumba yetu. Parokia nayo ni mwajiri. Mlinzi, mpishi, mtunza bustani na mwalimu wa chekechea wanapaswa kuwa na mikataba, kulipwa kwa wakati na kuwekewa michango yao katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Padre anayehubiri juu ya ujira wa haki huku mlinzi wake akidai miezi mitatu amejihubiria mwenyewe.

Kwa kaya yenyewe: hatua za kufuata

1. Hudhuria mkutano wa hadhara unapotangazwa. Ukiwa mgonjwa au safarini, mwachie jirani unayemwamini ujumbe, na umjulishe mwenyekiti wa kijiji au mtaa.

2. Tunza pamoja nyaraka za kaya: namba au kadi ya mpango, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na ripoti za shule. Mwanafunzi anayetoka katika kaya iliyo kwenye mpango auambatishe uthibitisho huo anapoomba mkopo wa elimu ya juu.

3. Usimpe mtu namba yako ya siri. Ukihitaji msaada, nenda kwa wakala pamoja na mtu wa kaya yako.

4. Ukiondolewa katika orodha, omba sababu. Anza na kamati ya jamii inayosimamia mpango kijijini, kisha mtendaji, kisha mratibu katika halmashauri. Andika tarehe ya kila safari na jina la uliyemwona.

5. Kabla ruzuku haijakoma, jiunge na kikundi cha akiba na uliza juu ya ruzuku ya uzalishaji, ajira za muda na kurasimishwa kwa ujuzi wako.

6. Usimlipe mtu yeyote ili akuandike kwenye mpango au akupatie kazi. Anayedai fedha aripotiwe TAKUKURU.

7. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo haki apeleke shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Neno la mwisho

Misaada ya umma hupimwa kwa mabilioni katika bajeti, lakini nyumbani hupimwa kwa mambo madogo zaidi: kama jina lilikuwapo, kama simu ililia siku iliyosemwa, kama yupo aliyemwambia bibi kwamba anaweza kulalamika. Mengi kati ya hayo hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji mtumishi wa umma anayeandika jibu, mwenyekiti anayeitisha mkutano kwa uwazi, na jirani anayeuliza.

Mjukuu mkubwa wa bibi yule sasa ni kijana mzima, na bado anaosha vyombo vya watu wengine. Ujuzi wake haujapimwa na yeyote, wala jina lake halimo katika daftari la mtafuta kazi. Vijana wa namna yake wamo katika kila Jumuiya yetu. Wiki hii, katika sala ya Jumuiya, tuwataje kwa majina, kisha tukubaliane nani atakwenda na nani katika ofisi ya kata, na siku gani.